Televisheni ya Zanzibar na Lugha ya Pemba: Mwaka wa Mnara na Mwaka wa Kijiji

Kila aandikaye habari za televisheni katika Afrika ya Mashariki huanza na orodha ya miaka. Kenya ilianza mwaka wa 1962, Uganda mwaka wa 1963, Zanzibar mwaka wa 1973. Tanzania Bara ikangoja hadi mwaka wa 1994. Orodha hiyo ni sahihi, wala sina haja ya kuipinga. Lakini ni orodha ya minara, si ya watazamaji. Yatuambia ni lini picha ilianza kurushwa; haituambii ni lini ilipokewa, wala ilipokewa na nani, wala katika lugha gani. Mwanahistoria akiridhika na mwaka wa mnara, hasara yake ni ndogo. Mchunguzi wa lugha akiridhika nao, aweza kupotea kabisa, kwa kuwa atatafuta athari ya chombo mahali ambapo chombo chenyewe hakijafika. Katika makala haya nitajaribu kuieleza hoja hiyo kwa kutazama kisiwa cha Pemba, na hasa vijiji vya upande wa Gando.

Gando ipo katika Wilaya ya Wete, kaskazini-magharibi ya Pemba, mahali ambapo vilima vya mikarafuu hushuka mpaka kwenye mikoko na hori za bahari. Pemba si tambarare kama mashariki ya Unguja. Ni nchi ya vilima na mabonde yaliyofuatana, na waandishi wa Kiarabu wa zamani waliijua kwa jina la Kisiwa cha Kijani. Mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro atacheka akisikia vilima hivyo vikitajwa pamoja na milima, maana kilele cha juu kabisa hakifiki mita 150. Lakini mawimbi ya televisheni hayapimi nchi kwa jicho la mpanda milima. Hayo husafiri karibu kama nuru, kwa mstari ulionyooka, na kilima cha mita hamsini chatosha kukiweka kijiji kizima katika kivuli. Ongeza bahari ya kiasi cha kilomita hamsini iliyopo baina ya visiwa viwili, na msomaji ataona kwamba kuijengea Pemba televisheni ni kazi ya namna moja na kuijengea nchi ya milima: mnara mmoja wa mji mkuu hautoshi, bali hapana budi picha ipokewe na kurushwa tena kutoka mahali pa juu.

Sasa na tutazame mwanzo wenyewe. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na televisheni ikaanza mwaka uliofuata, chini ya mrithi wake, Sheikh Aboud Jumbe. Ilikuwa ya rangi tangu siku yake ya kwanza, na kwa ajili hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Afrika ya Kusini yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na huduma ya televisheni ya taifa mpaka Januari 1976. Nchi ndogo iliwezaje kutangulia? Jibu kubwa limo katika karafuu. Biashara ya karafuu ilikuwa mikononi mwa serikali, nayo ndiyo iliyokuwa chemchemi kuu ya fedha za kigeni. Na sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba. Basi yafaa tukumbuke jambo hili: mti uliochangia kuilipia picha ulisimama Pemba, na picha ikatokea kwanza mjini Unguja.

Televisheni haihitaji mawimbi peke yake, bali yahitaji na umeme. Na hapa ndipo tofauti ya visiwa viwili inapodhihirika. Unguja iliunganishwa na umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka wa 1980. Pemba iliendelea kutegemea mitambo ya dizeli kwa miaka thelathini zaidi, mpaka Juni 2010, ulipozinduliwa waya wa baharini kutoka Tanga, wenye urefu wa karibu kilomita 78, uliojengwa kwa msaada wa Norway. Hata Unguja, umeme haukufika vijijini kwa siku moja. Bibi Tanja Winther, mtaalamu wa Norway, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka wa 2008 jinsi umeme ulivyoingia Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki, mnamo mwaka wa 1990, na jinsi jioni za watu zilivyobadilika, majirani wakikusanyika katika nyumba yenye televisheni. Ikiwa Uroa, iliyo kisiwa kimoja na mtambo, ilingoja miaka kumi na saba, haifai kudhani kwamba vijiji vya Pemba viliingia katika zama za televisheni mwaka wa 1973. Walikuwapo, hapana shaka, watu wachache waliokuwa na jenereta au betri za gari. Lakini nyumba chache haziwezi kubadili usemi wa kijiji.

Kuchelewa huko kulileta jambo la pili, ambalo naliona ni muhimu zaidi kwa wanafunzi wa lugha. Wakati umeme wa kutegemewa ulipoifikia Pemba, Televisheni ya Zanzibar haikuwa peke yake tena. Vituo vya watu binafsi vilikuwa vimeanza Dar es Salaam mwaka wa 1994. Televisheni ya Taifa ya Bara ikafuata mnamo mwaka wa 2000. Madishi ya setilaiti yakaenea. Na kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ikaanza kuzima mitambo ya analogia na kuwataka watu wanunue ving'amuzi. Kwa hiyo mtazamaji wa Pemba aliyewasha televisheni yake ya kwanza katika miaka hiyo hakukutana na Kiunguja peke yake. Alikutana na Kiswahili cha Dar es Salaam, cha matangazo ya biashara, cha michezo ya kuigiza na cha mpira. Yule ambaye mnara ungemletea lugha ya Mjini Unguja mwaka wa 1973, kijiji kilimletea lugha ya Bara miaka thelathini na zaidi baadaye. Hizi ni athari mbili mbalimbali, na haifai kuzitia katika kapu moja kwa jina la televisheni.

Msomaji atakumbuka kwamba Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, na kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ilifuata uamuzi huo. Tangu hapo lahaja za Pemba zilibaki nje ya vitabu vya shule, ingawa hazikutoka vinywani. Mwenye kusema *ntu* na *nkono* nyumbani aliandika *mtu* na *mkono* darasani. Profesa W. H. Whiteley alizichunguza lahaja hizo pamoja na mashairi ya kisiwa, na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ikauchapisha uchunguzi wake mwaka wa 1958. Tarehe hiyo ni ya thamani, kwa kuwa yatupatia kipimo kilichotangulia televisheni kwa miaka kumi na mitano.

Katika mazungumzo ya wataalamu husikika mara nyingi kwamba Kipemba kinayeyuka, na kwamba televisheni ndiyo iliyokiyeyusha. Sehemu ya kwanza ya usemi huo yahitaji kupimwa kijiji kwa kijiji. Sehemu ya pili, kwa maoni yangu, haiafikiani na tarehe. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka wa 1951, na idhaa ya Kiswahili ya London mwaka wa 1957. Na redio ya betri haikungoja waya kutoka Tanga. Elimu bila ya malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na pamoja nayo akaja mwalimu na kitabu. Tena pana msimu wa karafuu, ambao tangu zamani umewachanganya wachumaji wa kila upande, na pana safari za kutafuta kazi Unguja, Tanga na Mombasa. Mtoto aliyezaliwa Pemba mwaka wa 1965 aliisikia lugha sanifu kwa mwalimu na katika redio miaka mingi kabla ya umeme wa Tanga. Televisheni iliikuta nyumba imekwisha jengwa, ikaongeza ghorofa.

Isitoshe, si sheria ya maumbile kwamba televisheni lazima iue lahaja. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilivutiwa na habari za jimbo la Graubünden, katika milima ya Uswisi, kunakosemwa Kiromanshi. Lugha hiyo ilikubaliwa kuwa lugha ya taifa kwa kura ya mwaka wa 1938. Ina lahaja tano zenye maandishi yake. Na mwaka wa 1982 mtaalamu Heinrich Schmid aliitungia mwandiko mmoja sanifu. Televisheni ya umma ilianza kipindi cha Kiromanshi mwaka wa 1963, na mpaka leo watangazaji husikika wakitumia lahaja za mabonde yao pamoja na lugha sanifu. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2000, waliotumia Kiromanshi walikuwa kama 60,000 tu. Wakazi wa Pemba, katika hesabu ya mwaka wa 2022, walizidi 540,000. Kwa hiyo uchache wa watu si udhuru.

Sipendi kueleweka vibaya. Hali za Uswisi si zetu. Kiromanshi kinashindana na Kijerumani, ilhali Kipemba na Kiswahili sanifu ni ndugu wa tumbo moja. Wala sidai kwamba habari zisomwe kwa Kipemba. Lugha sanifu ni mali yetu sote, na watu wa Pemba wameitumikia kwa mashairi na kwa elimu kama watu wa pwani nyingine. Ninaloliomba ni dogo zaidi, na kwa kuwa ni dogo halina kisingizio.

Mwandishi wa televisheni akimwendea mzee wa Pemba kumuuliza habari za uvuvi, za mikarafuu au za ngoma, mtangazaji husema Kiswahili sanifu, lakini mzee hujibu kwa ulimi wake. Kila picha ya namna hiyo ni hati ya lahaja, yenye sauti, uso, mahali na tarehe. BAKIZA imefanya kazi ya kushukuriwa kwa kuitolea lahaja ya Kipemba kamusi. Lakini kamusi haina sauti, wala haionyeshi jinsi mzee anavyoivuta irabu au anavyokata maneno anapokasirika. Hazina hiyo yaweza kupatikana katika kanda za televisheni, na kanda za sumaku haziishi milele: joto na unyevu wa pwani huzila polepole, na mashine za kuzisomea hazitengenezwi tena.

Televisheni ya Zanzibar na redio yake ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Zanzibar mwaka wa 2013. Ingekuwa jambo la heri kama Shirika hilo, BAKIZA na vyuo vyetu vikuu wangekaa pamoja, wakaandika orodha ya kanda zote zilizorekodiwa Pemba, kila moja na mwaka wake, na kijiji cha msemaji, kisha zikanakiliwa. Kazi hiyo haihitaji nadharia mpya. Yahitaji chumba kikavu, mashine nzima, na mtu wa Pemba mwenye sikio, awezaye kusema: huyu ni wa Kojani, huyu ni wa Gando.

Hapo ndipo tutakapoweza kuandika historia ya televisheni yetu kwa miaka miwili, si mmoja: mwaka ambao mnara ulisema, na mwaka ambao kijiji kilijibu. Wa kwanza tunao. Wa pili ungali umelala katika makabati, na wenye kuweza kutueleza maana ya maneno yaliyomo wanapungua kila mwaka.