Chujio Lijirekebishalo

Mpiga mzinga hailengi ndege pale ilipo. Hulenga pale itakapokuwa kombora litakapowasili. Naye rubani, akijua ya kuwa anawindwa, hupinda huku na huku. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Norbert Wiener, mwanahisabati wa chuo cha MIT katika Marekani, alishughulika na swali hilo pamoja na mhandisi Julian Bigelow: njia ya ndege itabiriwe vipi kutokana na vipimo vilivyokwisha kupatikana, ilhali vipimo vyenyewe vimechanganyika na makosa? Taarifa yake ya mwaka 1942 ilitunzwa kuwa siri, hata ilipotolewa kitabu mwaka 1949. Huko Urusi, A. N. Kolmogorov alikwisha kuchapisha mwaka 1941 nadharia iliyoelekea hiyo, kwa njia yake mwenyewe.

Chujio la Wiener lilikuwa na sharti zito. Mwenye kulitengeneza lazima ajue tangu mwanzo tabia ya ishara na tabia ya kelele, na tabia hizo zisibadilike. Ni mfano wa kanzu iliyokatwa kwa vipimo vya mtoto ambaye hatakua kamwe.

Sharti hilo lililegezwa Stanford mwaka 1959, na Bernard Widrow na mwanafunzi wake Marcian Hoff, wakachapisha kazi yao mwaka 1960. Chujio lao huzidisha kila kipimo kinachoingia kwa uzito wake, kisha hujumlisha. Jumla hiyo ikitolewa katika jibu linalotakiwa, kinachobaki ni kosa. Wastani wa mraba wa kosa, ukichorwa kwa kadiri ya uzito, hufanya umbo la bakuli, na kitako cha bakuli ndilo jibu la Wiener. Kuteremka humo kwa uhakika kwataka wastani ujulikane, nao haujulikani. Basi Widrow na Hoff waliuacha wastani, wakalishika kosa la dakika ile ile peke yake: uzito mpya ni uzito wa zamani ukiongezwa zao la kosa, kipimo kilichoingia, na namba ndogo isiyobadilika. Hatua moja moja huyumba, lakini kwa wastani mwendo ni wa kuteremka.

Taabu yote imo katika ile namba ndogo. Ikiwa kubwa, chujio hufika upesi lakini halitulii. Ikizidi mno, hutupwa nje ya bakuli kabisa. Ikiwa ndogo, hutulia vizuri, lakini ishara ikibadilika huachwa nyuma. Tena bakuli lenyewe huenda likawa refu kama mtumbwi: kwa kuogopa mbavu zake zenye mteremko mkali, hatua hufupishwa, na safari ya kutoka tezi hadi katikati hujikokota.

Uthibitisho wa kwanza wa mambo haya ulidhani kwamba vipimo vinavyofuatana havihusiani, dhana ambayo katika chujio la kawaida ni uongo mtupu, maana kipimo cha sasa ndicho kile kile cha punde kilichosogea nafasi moja. Ajabu ni kwamba majibu yake yalipatana na majaribio, na wanahisabati walihitaji miaka mingi kueleza kwa nini.

Wavumbuzi hawa walikusudia mashine ya kutambua maumbo, waliyoiita ADALINE. Hoff baadaye alishiriki kubuni kompyuta ya kipande kimoja cha silikoni, iliyotoka mwaka 1971. Kwa upande wa simu, R. W. Lucky wa Bell alieleza mwaka 1965 namna ya kusawazisha waya kwa kujirekebisha.

Mwaka 1975 Widrow na wenzake walionyesha matumizi mengine. Moyo wa mtoto aliye tumboni hutoa umeme dhaifu, na moyo wa mama huufunika. Waliweka vipokezi tumboni, ambapo mioyo yote miwili husikika, na vingine kifuani, ambapo husikika wa mama tu. Chujio hujifunza kuiga mapigo ya mama na kuyaondoa katika yale ya tumboni. Haliwezi kuiga lisilolisikia. Kwa hiyo kosa linalobaki, ambalo kwingine hutupwa, hapa ndilo linalotafutwa: mapigo ya mtoto.