Kona ya Matofali ya Kufungamana: Modeli na Udongo wa Arua na Koboko

Usanifu majengo ulianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1989. Wanafunzi wa fani hiyo, popote walipo, hujifunza viungo vya jengo kwa modeli: kona ya ukuta hukatwa kwa kadibodi, ikakaguliwa mezani. Kwa ukuta wa udongo njia hiyo haitoshi, na historia ya tofali lenyewe yaonyesha sababu.

Katika miaka ya 1950, mhandisi Raúl Ramírez alibuni mjini Bogotá, Kolombia, mashine ya mkono ya kushindilia udongo, CINVA-Ram. Wazo hilo lilivuka bahari. Nchini Uganda, Dkt. Moses Musaazi wa Makerere alikuwa miongoni mwa walioliendeleza tofali lenye ulimi na mfuo, linalofungamana na jirani yake, lenye saruji kidogo na lisilochomwa. Kwa West Nile hilo si jambo dogo. Tanuri za matofali na mabanda ya kukaushia tumbaku yalikwisha kula miti mingi kabla wakimbizi wa Kongo hawajapokelewa Lobule, Koboko, mwaka 2013, na kabla Rhino Camp, upande wa Arua, haijafurika watu kutoka Sudan Kusini.

Ugumu wa ukuta huu uko katika kozi ya kwanza. Hiyo ndiyo inayolazwa juu ya mota nzito na kupimwa kwa pimamaji. Zinazofuata hupangwa kavu, au kwa mota nyembamba mno. Kosa la milimita tatu, ambalo mwashi wa matofali ya kuchoma angelificha ndani ya mota, hapa hupanda pamoja na ukuta hadi ulimi ukatae kuingia katika mfuo. Tena matofali hayalingani: udongo ukizidi katika mashine, tofali hutoka nene, unyevu ukizidi, husinyaa na kupasuka. Vipande vya kadibodi vyote ni sawa, kwa hiyo havisemi lolote juu ya hayo.

Modeli ifaayo, basi, ni kona ya ukubwa kamili, kwa udongo uliochimbwa papo hapo na kupimwa katika chupa ya maji, mchanga ukatuama chini na mfinyanzi juu. Matofali yake hutunzwa kivulini yakinyunyiziwa maji, aghalabu kwa siku 28, subira ambayo ratiba za vyuo ni nadra kuiruhusu. Kona iliyonyooka haina haja ya kubomolewa: kamba hufungwa hapo, na ukuta ukaendelea.