Bara ni wapi? Neno moja kutoka Lamu hadi Meru na Embu

Leo nataka tulitazame neno ambalo sisi watu wa Pwani hulitumia kila siku bila kulifikiria: bara. Tunasema fulani ni mtu wa bara, mahindi yametoka bara, mvua inanyesha bara. Ukimuuliza msemaji bara ni wapi hasa, atakuonyesha kwa mkono upande wa Mariakani, basi.

Asili yake ni Kiarabu, barr, yaani nchi kavu. Kila aliyesoma Qur'ani amekutana na barr na bahr zikitajwa pamoja, na sisi tumezichukua zote mbili: bara na bahari. Kwa hivyo maana ya kwanza ya bara si mbali wala si juu. Ni ardhi isiyo maji, na anayeiita hivyo ni mtu aliyesimama kisiwani au aliye chomboni. Mtu wa Lamu akisema anavuka kwenda bara, huenda anakwenda Mokowe tu, mwendo mfupi wa mashua. Unguja na Pemba, bara ni ng'ambo ya pili yote, na ndiyo sababu Katiba ya Tanzania ya 1977 ina Tanzania Bara na Tanzania Zanzibar. Kwa mpangilio huo Tanga na Bagamoyo, miji ya pwani kabisa, iko Bara.

Maana ya pili ilikua na misafara. Wafanyabiashara waliotoka Mombasa au Bagamoyo kwenda ndani walisema wanakwenda bara, na hapo neno likaanza kumaanisha nchi za ndani, zilizo nyuma ya nyika. Ya tatu ni ya vitabu vya shule: bara la Afrika, bara la Asia, mabara saba. Kiingereza kina maneno matatu mbalimbali kwa mambo haya matatu. Sisi tuna moja, na mara nyingi twaelewana kwa sababu tunajua anayesema amesimama wapi.

Matata huanza neno linapotoka kwenye ardhi likaenda kwa watu. Nilikaa Embu miaka miwili kikazi, na huko sikumsikia mtu hata mmoja akijiita mbara. Jirani zangu walikuwa Waembu, Wambeere, Wameru, Wakamba. Niliyekuwa na jina la jumla ni mimi: nilikuwa "wa Mombasa", hata nilipoeleza kwamba kwetu ni mbali na Mombasa. Kwao Diani ni Mombasa, Malindi ni Mombasa. Wao wanatufanyia vilevile tunavyowafanyia.

Na serikali nayo ilikuwa na majina yake. Kabla ya kaunti, Embu na Meru zilikuwa Mkoa wa Mashariki. Chukua ramani uangalie: Embu iko kaskazini magharibi ya Mombasa. Ni mashariki kwa aliyekaa Nairobi. Embu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya mkoa huo, uliofika hadi Marsabit na Moyale, na sijui ni mkulima gani wa majani chai wa Runyenjes aliyewahi kujiona mtu wa mashariki.

Sasa njoo Meru, maana huko ndiko neno letu linapogeuka kichwa chini. Masimulizi ya wazee wa Kimeru yanasema kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa. Huko walitawaliwa na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Na angalia kwamba nusu ya jina hilo huhitaji kutafsiriwa. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana, kama vile kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Mwishowe wakatoroka wakiongozwa na Koomenjoe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakawa koo za Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi za wazee wa Meru, alisema kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Wako wasiokubali. J. Forbes Munro aliandika mwaka 1967 akitia shaka hadithi hizi za watu wa mlimani kutokea pwani. Mimi si mwanahistoria wa kuwaamua. Lakini simulizi lenyewe lipo, na Wameru wanalishika. Wako wanaosema kwamba Nguo Ntune walikuwa Waarabu au watu wa miji yetu ya kale. Si jambo tamu kwetu kulisikia, kwamba kumbukumbu waliyobeba kutoka pwani ni ya utumwa, ila hatuwezi kulifuta kwa sababu halitupendezi.

Waembu hawana habari hiyo. Wao humtaja Mwenendega na mkewe, na kijisitu chao kiko karibu na Runyenjes hadi leo. Kwa hivyo majirani wawili, waliotenganishwa na nchi ya Wachuka na mto Thuci, mmoja anasema ametoka baharini na mwingine anasema asili yake ni papo hapo. Na sisi tunawaita wote wabara.

Ningeliacha hapo kama lingekuwa suala la kamusi. Lakini Agosti 1997, Likoni, neno hili lilitumika kuchagua nani wa kupigwa. Watu waliambiwa warudi kwao bara, wengi wakauawa, maelfu wakakimbia. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa hapa, wasiojua barabara ya kwenda huko walikoambiwa warudi. Najua malalamiko yetu ya ardhi na kazi, na ni ya kweli. Nimeyaandika katika safu hii mara nyingi. Lakini hati ya shamba ina jina la mtu, na ofisi iliyoitoa ina jina. Ukisema "wabara wamechukua ardhi" umemtia mwenye hati kubwa kapu moja na kijana wa Maua anayeuza miraa Majengo, ambaye hata chumba amepanga.

Sisi tuna kisa chetu cha namna hii. Watu wa miji ya pwani waliwaita jirani zao Wanyika, watu wa porini, mpaka miaka ya 1940 wenyewe walipoamua kujiita Mijikenda. Leo ni nani atakayesimama Kaloleni aseme Mnyika?

Matumizi ninayoyaona sawa ni haya. Bara la Afrika, Tanzania Bara, bara Hindi: hayo ni majina ya ardhi na hayana ubaya. "Naenda bara" pia ni sawa, ingawa kutaja mji ni bora, kwa sababu Embu na Kisumu hazipo njia moja. Kwa mtu, taja kwao ukikujua, Meru, Tharaka au Mbeere, na usipokujua muulize. Na yule wa Lamu aliyeko jahazini ana haki ya kutuita sisi sote wa Mombasa Kisauni na Likoni watu wa bara. Kwa maana ya kwanza ya neno, hajakosea.