Tanuru ya atomi ya Lovanium na taa za Makobola

Inje ya jimbo letu watu wengi wanajua jina la Makobola juu ya wafu wa mwisho wa mwaka 1998 tu. Lakini Makobola ni mahali watu wanaishi, wanavua samaki, wanalima mihogo, na kungojea motokari za njia ya Uvira na Baraka. Magaribi moja, kiisha sala, katekista mumoja muzee alinionyesha taa tatu ndogo kandokando ya ziwa. Ziliwaka kwa nguvu ya jua. Akaniuliza: «Padri, wanasema atomi ya kwanza ilitoka kwetu Kongo. Sasa namna gani sisi tunawasha kwa jua?»

Sikuwa na jibu siku ile. Niliona afazali kulitafuta katika historia.

Linaanza mbali, kule Katanga. Mwaka 1915 uraniumu ilionekana Shinkolobwe, karibu na Jadotville, muji tunaouita leo Likasi. Wazungu hawakuitaka kwanza uraniumu yenyewe. Walitaka radiumu iliyo ndani yake, wapate kuiuzisha kwa waganga wa Ulaya. Mawe mengine ya pale yalikuwa na uraniumu zaidi ya nusu ya uzito wao, jambo lisiloonekana karibu popote duniani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, aliagiza tani zaidi ya 1,000 zipelekwe New York, kusudi zisianguke katika mikono ya Wajerumani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Tarehe 6 ya mwezi wa nane 1945 bomu likaanguka Hiroshima, na sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe.

Watu wakisimulia habari hii wanakoma hapo. Lakini sura inayofuata inatugusa sisi watu wa Kanisa. Mukubwa wa kwanza wa chuo kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Léopoldville mwaka 1954, alikuwa Monsenyeri Luc Gillon, padri Mubeleji aliyesoma elimu ya atomi. Aliona hivi: inchi iliyotoa uraniumu haifai kukosa watu wanaoifahamu. Katika mwezi wa sita 1959, mwaka mumoja mbele ya uhuru, tanuru ya atomi ikawaka juu ya kilima cha chuo, ya kwanza katika Afrika nzima. Iliitwa TRICO. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50, tena za joto tu. Ilitengeneza dawa zenye mionzi kwa waganga na kusaidia wanafunzi katika majaribio yao, lakini haikuwasha taa hata moja katika muji. Ya pili, ya kilowati 1,000, ilianza mwaka 1972 na kusimama mwaka 2004. Katikati ya miaka ile vyuma viwili vya uraniumu viliibwa. Kimoja kilionekana Italia mwaka 1998, kingine hakijaonekana. Kilima chenyewe kinakatwa na mvua.

Sisemi Monsenyeri alikosea. Mimi naona alikuwa na haki juu ya masomo. Lakini chuo kinaweza kufunza bila kuwa na vyuma ambavyo vinapaswa kulindwa na askari usiku na muchana.

Sasa tupime makala ya mawe. Tulikuwa nayo hata karibu na ziwa letu: Wabeleji waliyachimba Greinerville, upande wa Albertville, yaani Kalemie. Ya Luena kule Katanga yanaacha majivu mengi. Ndiyo maana Union Minière, ilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, iliagiza makala ya Wankie, Rhodesia ya Kusini. Mutu anayelipa makala ya inchi ingine anajifunza upesi kutazama mito yake mwenyewe: mwaka 1930 kiwanda cha umeme wa maji cha Mwadingusha kilianza kazi katika muto Lufira. Kwa hiyo katika Kongo makala hayakushindwa na jua wala na atomi. Yalishindwa na maji. Hata kwetu ilikuwa vile, kwa maana Ruzizi ya kwanza ilianza mwaka 1958, kwa Bukavu na Usumbura, na nguvu yake ni megawati karibu 30.

Watu wanaogopa atomi juu ya Chernobyl (1986) na Fukushima (2011). Woga huo una sababu. Lakini tukihesabu wafu kwa kila kipimo cha umeme, makala ya mawe yanaua zaidi sana, kwa moshi wake, polepole, bila makelele. Shida ya atomi kwetu naiona mahali pengine. Afrika nzima ina kiwanda kimoja tu cha umeme wa atomi kinachofanya kazi, Koeberg, karibu na Cape Town, tangu mwaka 1984. Nguvu yake inapita ya Ruzizi ya kwanza karibu mara 60. Nguzo gani, waya gani zitabeba moto wa namna ile kupita Itombwe? Tena kiwanda kikubwa kinavuta vita. Mwaka 1965 waasi, pamoja na watu wa Che Guevara, walishambulia kiwanda cha maji cha Bendera, kule kusini ya Fizi, wakashindwa. Wazee wanajua jina lile.

Upepo, je? Wavuvi wetu wanajibu vizuri kuliko vitabu: upepo wa kusini unapiga toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, kiisha unakuwa wa kubahatisha. Ziwa Turkana la Kenya ni mambo mengine; pale upepo hauchoki, na mashini 365 zinatoa mpaka megawati 310. Lakini hata pale, mwaka 2021 baraza la Meru liliamua kwamba udongo ule haukupatikana kwa njia ya sheria. Upepo hauna mwenyewe, udongo unaye.

Jua liko kwetu kila mwezi, hata kati ya mvua linarudi. Kule Goma kiwanda cha jua cha megawati 1.3 kilianza mwaka 2020. Lakini tusidanganyane: paneli ya juu ya nyumba haipiki bugali. Inawasha taa na kujaza telefone. Chakula cha Makobola kinapikwa bado kwa kuni na makala ya miti, na milima inabaki uchi. Udongo wake unashuka na mvua. Watu wa Uvira hawajasahau usiku wa Mulongwe, mwezi wa ine 2020.

Nilirudi kwa yule katekista na maneno haya yote. Nilimwambia kwamba atomi ilitoka kwetu kama mawe tu. Waliobaki na elimu yake walikuwa wachache, kwenye kilima kimoja cha mbali. Alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akanipeleka nyuma ya kapela, akanionyesha batri iliyovimba.

«Hii ilikufa Noeli iliyopita,» akasema. «Paneli iko muzima. Padri, hapa kwetu ni nani anajua kutengeneza batri?»

Vijana wawili wameenda Uvira kujifunza kazi ile. Hawajarudi bado.