Askari wa Shaba wa Mwembe Tayari

Abiria wa Changamwe akishavuka Makupa na kushika Barabara ya Jomo Kenyatta, huwapita askari wa shaba wa Mwembe Tayari, Mombasa, bila hata kuinua macho. Wako hapo tangu 1927, ukumbusho wa keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, na wapagazi waliokufa katika vita vya Mjerumani, Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenzao wako Nairobi na Dar es Salaam; yule wa Dar alisimamishwa pale ilipong'olewa sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani.

Kumbukumbu ziko kisiwani, lakini vita vyenyewe vilipiganwa ng'ambo. Likoni na Kisauni zilikuwa milango ya vita hata kabla ya Mjerumani. Mwaka 1895 watu wa ukoo wa Mazrui waligombea uliwali wa Takaungu, Waingereza wakachagua upande, na ugomvi wa jamaa ukageuka vita vya pwani nzima. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, alijichimbia Mwele, kwenye vilima vya Shimba, mpaka Admirali Rawson wa Uingereza alipoivunja ngome yake Agosti mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Waliouawa pande zote mbili walizikwa, basi. Shaba haikuyeyushwa kwa ajili yao.

Mwaka 1914 Wajerumani wakaja kwa njia ileile, wakipanda pwani kutoka Vanga kuelekea Likoni. Aliyewapinga mwanzo alikuwa mkulima wa katani wa Nyali, Arthur Wavell. Bwana huyu alikuwa na vituko vyake: mwaka 1908 alijifanya Mzanzibari akaenda kuhiji Makka, akifuatana na Mswahili wa Mombasa. Vita vilipoanza aliwakusanya Waarabu wa mjini, wengi wao Wahadhrami waliozoea kuuza maji mitaani, akawafanya kikosi. Mapigano ya Gazi, Oktoba 1914, yaliwarudisha Wajerumani nyuma, na Mombasa ikanusurika. Wavell mwenyewe aliuawa Mwele Januari 1916. Mnara wake uko karibu na Ngome ya Yesu, na jina lake limechongwa.

Kaskazini mambo yalikuwa machungu zaidi. Wagiriama walikwisha kukataa kuwatolea Waingereza vijana wao wawe vibarua, Mekatilili wa Menza akiwa mbele kuwahimiza, na mwaka 1914 keya wakatumwa kuwapiga na kuwachomea nyumba. Kisha Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 pamoja na vibarua 1,000. Kwa hiyo keya mmoja angeweza kuchoma kijiji cha Mgiriama, halafu miezi michache baadaye Mgiriama yuleyule akambebea risasi, na leo wote wawili wanakumbukwa kwa sanamu moja. Sijui kama kuna aliyelifikiria hilo siku ya kuizindua.

Wapagazi ndio waliokwisha. Unga mbovu, kuhara, malaria, mizigo kupita kiasi: maradhi yaliwaua wengi kuliko bunduki. Maandishi ya sanamu yanawaita miguu na mikono ya jeshi, na kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanamwahidi askari kwamba akifa akipigania nchi, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina gani? Sanamu haitaji hata moja.

Na haukuwa usahaulifu wa mchongaji. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita iliomba radhi, baada ya uchunguzi wake kuonyesha kwamba wafu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, waliachwa bila kuandikwa majina yao au bila kukumbukwa kabisa. Maofisa wa kikoloni waliwahesabu Waafrika kuwa watu wasiohitaji jiwe la kaburi. Mzungu akapewa kaburi lake peke yake, Mwafrika akapewa sanamu ya jumla.

Novemba 2023 Mfalme Charles alizuru makaburi ya vita ya Kariokor, Nairobi, kisha akateremka Mtongwe, Likoni, akaonyeshwa wanamaji wa Kenya wakitua ufukweni. Hao ndio warithi wa keya. Septemba 2012 wanamaji wa Kenya walitua Kismayu kupambana na Al-Shabaab. Januari 2016 kambi ya jeshi la Kenya ikavamiwa El Adde, ndani ya Somalia, na serikali haijatangaza rasmi mpaka leo ni askari wangapi waliouawa huko.