Picha za Njiani: Tangu Paris hata Bukavu

Katika nyumba nyingi za Bukavu kuna bahasha iliyowekwa chini kabisa ya sanduku, pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za kiwanja. Ndani yake mna picha, au foto kama tusemavyo hapa kwetu. Nyingi ni picha za watu waliojitengeneza: bwana na bibi arusi mlangoni mwa kanisa, mtoto wa Komunyo ya kwanza ameshika mshumaa. Lakini mara chache hutokea picha ya namna nyingine: njia, nyumba, na watu wapitao bila kujua kwamba wanapigwa picha. Picha ya namna hii watu huidharau. Husema: "Hiyo si kitu, ni barabara tu." Leo nataka kueleza kwamba hiyo "barabara tu" ina historia ndefu, na kwamba sisi wakristu wa mji huu tuna sababu ya kuitunza.

Mwanzo wake

Picha ya kamera iliyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa na Mfaransa Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827. Yaonyesha nini? Si mfalme, wala si vita. Ni mapaa na kuta za nyumba, kama zilivyoonekana kutoka dirisha lake huko Saint-Loup-de-Varennes. Basi, picha ya kwanza tuliyo nayo ni ya nyumba za shambani tu.

Niépce alikufa mwaka 1833, na mwenzake Louis Daguerre akaendelea na kazi. Mwaka 1838 Daguerre aliweka chombo chake katika dirisha la juu mjini Paris, akakielekeza kwenye njia kubwa iitwayo Boulevard du Temple. Njia hiyo ilikuwa na watu wengi, farasi na magari ya kukokotwa. Lakini bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na kila aliyepita hakuacha hata kivuli. Kwa hiyo njia ile yaonekana tupu, kama mji uliokimbiwa kwa sababu ya vita. Pembeni tu aonekana mtu mmoja amesimama, ameinua mguu, na karibu yake mwingine ameinama akimsafisha viatu. Hao wawili ndio wanaohesabiwa kuwa watu wa kwanza kuonekana katika picha ya njiani. Majina yao hayajulikani. Hawakuonekana kwa sababu ya utajiri wala cheo. Walionekana kwa sababu walikaa mahali pamoja. Tarehe 19 Agosti 1839 siri ya kazi hiyo ilitangazwa mbele ya wataalamu wa Ufaransa, na muda si mrefu ikaenea dunia nzima.

Neno hili tuliweke moyoni, maana tutalirudia: chombo hakikumwona mpita njia, kilimwona aliyesimama.

Waliopiga picha kabla ya kubomolewa

Tangu mwaka 1853, kwa amri ya Napoleon wa Tatu, mkubwa wa jimbo la Paris aliyeitwa Haussmann alianza kubomoa vichochoro vya zamani ili kupitisha njia pana zilizonyooka. Mji ulipata hewa na maji safi, lakini maskini wengi walifukuzwa wakaenda kukaa pembeni. Wenye mji wakaona kwamba baada ya miaka michache hakuna atakayekumbuka mahali pale palivyokuwa. Wakamwajiri Charles Marville apige picha za vichochoro kabla ya nyundo kufika. Na huko Glasgow, katika Uskoti, Thomas Annan alifanya kazi ya namna hiyo kati ya mwaka 1868 na 1871. Picha zake zaonyesha njia nyembamba na nguo zilizoanikwa juu ya maji machafu. Msomaji asidhani kwamba miji ya Ulaya ilizaliwa mizuri kama ionekanavyo katika kalenda. Nayo ilikuwa na Kadutu yake.

Aliyezidi wote kwa uvumilivu ni Eugène Atget, aliyezaliwa mwaka 1857. Alifiwa na wazazi akiwa mtoto, akawa baharia, kisha mchezaji wa michezo ya kuigiza, na katika kazi hizo hakufanikiwa. Karibu na mwaka 1898 alianza kuipiga picha Paris ya zamani: milango, ngazi, maduka, visima, wauza maua, waokota takataka. Aliamka alfajiri akibeba chombo kizito cha mbao na mabamba ya kioo. Hakujiita msanii. Alisema tu kwamba atengeneza hati za kuwasaidia wachoraji. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa mabamba zaidi ya 2,600 kwa faranga 10,000. Alipokufa mwaka 1927, watu wachache tu walimjua. Mwamerika Berenice Abbott ndiye aliyenunua mabamba yaliyobaki, akayalinda, kisha mwenyewe akarudi kwao kuipiga picha New York, nyumba na njia zake, katika miaka ya 1930.

Hata hivyo, si kila picha ya njiani ni tendo la upendo. Jacob Riis, mhamiaji kutoka Denmark, alitoa kitabu mwaka 1890 chenye kuonyesha jinsi maskini wa New York walivyolala wakibanana. Kitabu hicho kilisaidia kubadili sheria za nyumba. Lakini mara nyingine Riis na wenzake waliingia usiku ghafula, wakawasha baruti ya mwanga mbele ya watu waliolala. Maskini wale walishtuka, na picha imechukuliwa tayari. Hakuna aliyewaomba ruhusa. Mtu aweza kutetea haki ya maskini na papo hapo akasahau heshima yao.

Chombo kinafika Kongo

Katika nchi yetu kamera iliwahi kufanya kazi kubwa ya kutoa ushuhuda. Mwezi Mei 1904, huko Baringa, Alice Seeley Harris, mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza, alimpiga picha mtu mmoja jina lake Nsala. Ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyoletwa baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua mtoto huyo. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Amerika. Watu waliokuwa wamezoea kukanusha maandishi hawakuweza kuikanusha picha. Mwaka 1908 mfalme Leopold wa Pili alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Picha peke yake haikuleta jambo hilo, lakini ilisaidia sana.

Baadaye serikali ya koloni nayo ilitambua nguvu ya picha. Baada ya vita ya pili ya dunia iliweka ofisi ya habari iliyoitwa Congopresse, na tangu mwaka 1955 Inforcongo. Wapiga picha wake, kama Henri Goldstein na Carlo Lamote, walitembea nchi nzima. Maelfu ya picha hizo yamehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels.

Bukavu ilipendeza machoni mwa wapiga picha. Ndiyo iliyoitwa Costermansville tangu mwaka 1927, hata jina lake la asili liliporudishwa katika miaka ya 1950. Ziwa Kivu, rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono, nyumba nyeupe za mtindo wa Art Deco zenye pembe za mviringo, na ile njia kubwa iliyoitwa Avenue Royale, ambayo leo ni Avenue Patrice Lumumba: vyote hivyo viliwekwa katika kadi za posta. Anayezitazama leo asema: "Tazama, mji ulikuwa safi namna gani!" Kweli, ulikuwa safi. Lakini tuulize kama mtu mwenye akili: katika kadi hizo, nani amesimama, na nani amepita bila kuonekana?

Mwenye gari yuko. Mwenye duka yuko. Mfagiaji wa njia, kama yuko, hana jina. Mtu mweusi alifanya kazi mchana katika njia ile, na jioni alirudi Kadutu, au baadaye Bagira. Walipopiga picha za Kadutu na Bagira, mara nyingi zilikuwa za kuonyesha nyumba mpya zilizopangwa mistari, kama ushahidi wa wema wa serikali. Kicheko cha jioni, mama anayeuza samaki wadogo, wazee wanaoamua shauri la jirani: hayo kadi ya posta hayakuitafuta.

Baada ya uhuru, mambo yaligeuka, lakini shida haikwisha. Wakati wa Zaire, kupiga picha za daraja, uwanja wa ndege au ofisi ya serikali kulikatazwa, na mwenye kamera aliweza kudhaniwa mpelelezi. Kwa hiyo watu wengi walipiga picha ndani ya studio, mbele ya pazia lililochorwa bustani, na njia zao wenyewe zikabaki bila kumbukumbu.

Na wakati huo mji ulikuwa ukibadilika kwa nguvu. Mwaka 1967, tangu Agosti hata Novemba, askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliishika Bukavu, na vita vikaumiza majengo mengi. Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa mjini, Nyawera, mahali ambapo kila mmoja wetu hupita akienda sokoni au kazini. Dominika tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipasua kuta za nyumba na makanisa. Mvua hubomoa milima iliyojengwa bila miti. Moto huteketeza nyumba za mbao zilizobanana. Nyumba ya zamani huanguka, ya ghorofa husimama mahali pake, na baada ya miaka kumi vijana hubishana palikuwa na nini.

Kazi yetu

Mapadri Weupe, waliofika Bushi mwanzoni mwa karne iliyopita, walikuwa na desturi waliyopewa na Kardinali Lavigerie: kila misioni kuandika kitabu cha siku kwa siku. Humo waliandika mvua, njaa, wageni, ubatizo na magomvi. Walipoandika waliona ni mambo madogo. Leo wataalamu wa historia huvisoma vitabu hivyo kwa bidii. Picha ya njiani ni kitabu cha namna hiyo, kilichoandikwa kwa mwanga.

Siku hizi karibu kila kijana ana kamera ndani ya simu yake. Mabamba yote ya Atget ni machache kuliko picha zipigwazo hapa mjini siku moja ya arusi. Lakini simu huibiwa, huanguka majini, na picha hupotea pamoja nayo. Basi yafaa kufanya mambo manne. Kwanza, omba ruhusa, hasa kwa maskini, mgonjwa na mtoto. Adabu hii Riis aliisahau, wewe usiisahau. Pili, piga pia picha ya yale uyaonayo kila siku: ngazi za mtaa wako, kisima, duka la mshonaji, kanisa la zamani kabla halijapanuliwa. Tatu, chapa picha chache kwenye karatasi, na nyuma yake uandike kwa kalamu ya risasi mahali, mwaka na majina. Picha isiyo na jina ni yatima. Nne, nakala moja uipeleke parokiani iwekwe pamoja na vitabu vya ubatizo, mbali na unyevu.

Na wewe mwenye wazazi walio hai, usingoje. Kaa nao jioni moja na ile bahasha, uulize: huyu ni nani, na hapa ni wapi? Mzee akiondoka, picha hubaki bubu.

Injili yatuambia kwamba huko Yeriko makutano walikuwa wakipita, na kipofu Bartimayo ameketi kando ya njia, na wengi walimkaripia anyamaze. Bwana Yesu alisimama, akamwita. Naye Marko aliandika jina lake, na jina la baba yake, hata leo twalijua. Wale wawili wa Boulevard du Temple hawakupata mtu wa kuwaandika. Watu wa njia zetu za Bukavu wanaweza kumpata, kama mmoja wetu atasimama.