Nyumba ya Mfalme Juu ya Jabali la Kilwa

Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina la Kilwa, nao wajua ya kuwa hapo kale palikuwa na wafalme. Lakini ni wachache waliovuka maji kwenda kuitazama kwa macho yao nyumba aliyoijenga mmoja wa wafalme hao, ile iitwayo Husuni Kubwa. Nasi tuliokaa Kikole miaka kadha wa kadha, jirani kabisa na kisiwa hicho, tulikuwa katika hao wasioiona. Twaona haya kuandika hivyo, kwani kila mwaka tulisimama mbele ya ubao tukawafundisha watoto habari zake.

Basi katika likizo iliyopita tuliondoka alfajiri, waalimu wawili na watoto kumi na wanne, pamoja na fundi mwashi mmoja wa hapa kijijini ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu. Tulipofika Kilwa Masoko tulichukua kibali katika ofisi ya serikali, tukalipa ada, kisha tukaingia mashuani. Upepo ulikuwa mwema, na mlango wa bahari si mpana. Huko ng'ambo mzee mmoja wa kisiwani alitupokea. Watoto wakampa shikamoo, naye akatutangulia.

Husuni Kubwa haiko katika mji wenyewe wa kale, penye Msikiti Mkuu na Gereza. Iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali linalotokeza baharini. Neno husuni maana yake ni ngome, lakini aliyeiita hivyo hakuiangalia sana, maana haikujengwa kwa vita. Ni nyumba ya kukaa, ya kupokea wageni na ya kuweka mali. Ina vyumba zaidi ya mia. Sehemu ya kaskazini, iliyoelekea bahari, ilikuwa makao ya mfalme, na ngazi ya mawe yashuka kutoka huko hata ufukoni. Upande wa kusini kuna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, na wataalamu wadhani ya kuwa humo ziliwekwa bidhaa. Kati ya sehemu hizo mbili kuna baraza yenye madaraja, mahali pa mfalme kukaa na watu wake, na karibu yake birika ya kuogea yenye pembe nane. Watoto waliizunguka birika hiyo mara tatu, wakizihesabu pembe, wasiamini.

Mtu akisimama hapo huona mara moja ya kuwa nyumba hii haikuongezwa chumba baada ya chumba kama tufanyavyo sisi, mtoto akioa huongezewa banda ubavuni. Ilifikiriwa yote kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Alikuwapo mtu aliyekuwa na ramani yake, kichwani au penginepo, naye alijua tangu mwanzo mahali pa jua la asubuhi, mahali pa upepo, na mahali mgeni atakaposimama kungoja. Jiwe lililochimbuliwa humo lina jina la mfalme, al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu yapata mwaka 1310 hata yapata 1333. Jina la fundi wake halimo.

Hapo ndipo yule mwashi wetu alipoanza kusema, naye si mtu wa maneno mengi. Alikuwa amepima chumba kimoja kwa hatua, akaenda cha pili, akaenda cha tatu.

"Mwalimu," akasema, "vyumba hivi ni virefu, lakini vyembamba. Mfalme mwenye mali yote hii, mbona asijenge chumba kipana?"

Tulinyamaza, kwani hatukujua.

"Boriti," akasema. "Boriti ya mkoko haifiki mbali. Ukitaka dari ya mawe na chokaa juu yake, ukuta na ukuta haviwezi kuachana zaidi ya urefu wa boriti. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na upana huu huu."

Kisha akatuonyesha mawe. Kuta zimejengwa kwa mawe magumu ya matumbawe yachimbwayo nchi kavu. Lakini palipotakiwa nakshi, penye vizingiti na matao, lilitumika tumbawe litolewalo baharini likiwa bichi, ambalo huwa laini hata likachongwa kwa urahisi, na likikauka hukaza. Na chokaa ni matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichohitaji kuletwa kutoka ng'ambo. Aliigusa pia sehemu moja iliyozibwa kwa saruji akatikisa kichwa, akisema ya kuwa saruji ni ngumu kuliko chokaa ya kale, huzuia unyevu usitoke, na ukuta hupasuka pembeni mwake.

Wasomaji wetu, maneno hayo ya boriti yalituchoma, nasi twataka kusema kwa nini. Katika utoto wetu tulifundishwa ya kuwa majengo ya Kilwa ni kazi ya Waajemi na Waarabu, na ya kuwa watu wa pwani walitazama tu, au walibeba mawe. Nasi tulipopewa chaki mkononi tuliyarudia hayo, mwaka baada ya mwaka, na yule mwashi mwenyewe aliyasikia kutoka kinywani mwetu akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Tulimwomba radhi pale pale. Alicheka, akasema amekwisha yasahau, lakini sisi hatukucheka.

Wala hatusemi ya kuwa hakuna kilichotoka nje. Ukoo wa mfalme huyu ulijinasibu na Yemeni, naye mwenyewe, kwa habari za kale za Kilwa, alisoma Aden katika ujana wake na kuhiji Makka. Yawezekana sana ya kuwa aliona huko majumba ya watawala akatamani la namna yake. Lakini Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika ya kuwa wengi wa wakazi wake ni watu weusi sana wenye chale usoni. Hao ndio waliokuwa na mikono ya kazi, na boriti zao ndizo zilizompimia mfalme nyumba yake.

Mali yenyewe ilitoka mbali. Kilwa ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala, ambayo ilichimbwa katika nchi za bara upande wa Zimbabwe. Hata sarafu ndogo ya shaba yenye jina la mfalme huyu imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Vyombo vya kauri vya Uchina vilifukuliwa Husuni na Mwingereza Neville Chittick, aliyeanza kuchimba Kilwa katika miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960.

Huyo Ibn Battuta ametuachia habari moja nasi tuliwasimulia watoto tukiwa tumekaa penye madaraja ya baraza. Mfalme aliitwa Baba wa Vipawa kwa ukarimu wake. Ijumaa moja alipotoka msikitini, maskini mmoja wa Yemeni alimwomba nguo alizovaa. Mfalme akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa maskini kwa kumpa watumwa kumi badala yake. Mfalme aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru maskini yule aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Alipokufa mfalme, akatawala nduguye Daudi, naye akiombwa alijibu ya kuwa mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu.

Watoto walicheka kwa ajili ya Daudi. Msichana mmoja hakucheka. Aliuliza, "Na wale watu ishirini, walikwenda wapi?"

Hatukuwa na la kumjibu. Twakumbusha tu ya kuwa bandari hii haikuiacha biashara hiyo upesi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na sultani wa Kilwa auziwe watumwa elfu moja kila mwaka, na katika karne iliyofuata misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia Kilwa Kivinje. Walio na wazee wa Masasi wajua habari za waliokombolewa, ambao baadhi yao Askofu Steere aliwapeleka kukaa huko mwaka 1876. Baraza ile ni nzuri. Lakini tangu swali lile twaiona kwa jicho lingine.

Nyumba yenyewe haikukaliwa muda mrefu, na sehemu nyingine hazikumalizika. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari, mvua na miti vilikuwa vikiyala. Na baada ya kazi nyingi ya kuyatengeneza yaliondolewa humo mwaka 2014. Hata hivyo mawimbi hayakuondolewa, na mizizi ya miti haijui orodha.

Saa tisa mzee alituhimiza, maana maji yalikuwa yakitoka na mashua ingekwama. Mtoto mmoja alikuwa ameweka kipande cha tumbawe lenye nakshi mfukoni. Mwashi alikiona, akamshika mkono, wakarudi wawili peke yao wakipanda ngazi ile ya mawe, nasi tukawangoja ufukoni hata walipokirudisha mahali pake.